Mazimbu: Nyumba Zilizopita Mikono Mitatu

Majengo ya Mazimbu, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Morogoro, yamekuwa na wenyewe watatu. Wa kwanza lilikuwa shamba la mkonge. Wa pili, kuanzia mwaka 1977, walikuwa wakimbizi wa Afrika Kusini wa chama cha African National Congress (ANC). Wa tatu ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoingia baada ya makabidhiano ya mwaka 1992. Katika kupokezana huko mara mbili za mwisho hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Aliyeondoka alimwachia aliyebaki, kama nyumba ya marehemu inavyoachiwa warithi, na maswali yaliyojitokeza ni yale yale yanayozikabili familia za Morogoro kila mwenye nyumba anapofariki: mrithi ni nani, nyumba igawanywe au ibaki moja, iuzwe au ikaliwe, na makaburi yaliyo karibu nayo yatatunzwa na nani.

Majibu ya zamani zaidi ya maswali hayo yalitoka kwenye milima inayoonekana kutoka Mazimbu penyewe. Waluguru, ambao jina lao lina maana ya watu wa milimani, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto huzaliwa katika lukolo wa mama yake, yaani ukoo mkubwa wenye jina, na ndani ya lukolo kuna tawi la karibu linaloitwa tombo. Maana ya tombo ni titi: watu wa tombo moja, ukirudi nyuma vizazi kadhaa, wamenyonya kwa bibi mmoja. Ardhi ilikuwa ya tombo. Mkuu wake aliwagawia wana ukoo waliotaka kulima, na mtu wa nje aliyeomba shamba alilipa ngoto, malipo madogo ambayo kazi yake hasa ilikuwa kukumbusha kwamba mlimaji si mwenye ardhi. Kwa sababu hiyo hiyo mgeni hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu. Mahindi huvunwa yakaisha shambani. Mwembe ukishashika mizizi hugeuka ushahidi.

Nyumba ilifuata ardhi. Katika vijiji vingi mwanamume alioa akahamia kwa mkewe, akajenga kwenye uwanja wa tombo la mke. Ndoa ikivunjika, yeye ndiye aliyefunga virago. Akifa, nyumba ilibaki kwa mjane na watoto, kwa kuwa wao ndio wenye uwanja. Nafasi yake katika ukoo iliwaendea wapwa zake, watoto wa dada zake, kwa sababu hao ndio walikuwa wa tombo lake. Watoto aliowazaa mwenyewe walikuwa na haki ndogo zaidi upande wa baba, upande unaoitwa mtala: waliweza kulima sehemu ya ardhi ya ukoo wa baba yao wakiwa hai, lakini hawakuweza kuirithisha kwa watoto wao.

Kilichorithiwa kwa uzito kuliko kuta kilikuwa jina. Mrithi aliitwa kwa jina la marehemu, na pamoja na jina akabeba wajibu wa matambiko na wa kutunza makaburi. Mfano unaojulikana zaidi uko Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru, ambako kila anayeshika kiti cha utawala wa ukoo huitwa Kingalu, kama walivyoitwa wote waliomtangulia. Mtu hupita, Kingalu hubaki. Kwa hiyo swali la kwanza katika kikao cha mirathi ya Kiluguru lilihusu nani ataitwa nani. Suala la nani atalala wapi lilifuata baadaye, na mara nyingi lilikuwa limekwisha kujijibu.

Nyumba yenyewe, ya miti, udongo na nyasi, haikuwa na umri wa kugombewa. Mchwa na mvua viliimaliza baada ya miaka michache, ikajengwa nyingine pembeni. Ugomvi uliletwa na tofali na bati. Nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa kwa bati huishi kuliko aliyeijenga, na fedha zake hutoka mfukoni mwa baba, si kwa wajomba. Baba aliyevuja jasho kuisimamisha juu ya ardhi ya ukoo wa mkewe aliijua hatima yake. Aliyeisimamisha juu ya ardhi ya ukoo wake mwenyewe alijua kwamba wapwa wanahesabu siku. Ndiyo maana katika karne ya 20 akina baba wengi wa Kiluguru walitafuta mashamba na viwanja vya kununua, nje ya ardhi ya ukoo, ili wawe na kitu cha kuwaachia watoto wao ambacho mpwa hawezi kukidai. Mengi ya mabadiliko ya urithi yanayoelezwa kuwa ni kazi ya dini au ya serikali yalianzia hapo, kwenye umri wa paa.

Bondeni nako kulikuwa na urithi wake. Katikati ya karne ya 19 Kisabengo, kiongozi wa asili ya Kizigua, alijenga kando ya mto Ngerengere mji wenye ukuta wa mawe na minara pembeni. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliukuta mji huo mikononi mwa binti wa Kisabengo, aliyejulikana kwa jina la Simbamwene. Mwaka uliofuata, akirudi pwani, alikuta mafuriko ya Ngerengere yamesomba upande wa mbele wa ukuta pamoja na nyumba nyingi. Mto huo huo bado unapita Mazimbu, na masika humtaka anayejenga karibu nao achague kiwanja kwa makini.

Shamba la mkonge liliingia bondeni kwa njia ya reli. Mche wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika Tanga ikiwa hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaifuata. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mali za Wajerumani zilitwaliwa kama mali za adui, zikauzwa kwa Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Huo nao ulikuwa mgawanyo wa urithi wa aina yake, ambao warithi halali hawakualikwa kwenye kikao.

Shamba la mkonge lilikuwa na nyumba za namna mbili. Ya meneja ilikuwa na baraza pana na kivuli cha miti iliyopandwa kwa mpango. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa safu za vyumba, kila chumba mlango mmoja, karibu na korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge hadi ibaki nyuzi. Wafanyakazi wa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu ya namba waliyopewa kila mmoja. Walitoka mbali, wengi wakikusanywa na shirika la ajira la wenye mashamba lililoitwa SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, na walilipwa kwa kipande, kadi yenye siku za kazi za kukamilisha. Manamba hakuwa na nyumba ya kurithisha. Mkataba ulipokwisha chumba kilipewa namba nyingine. Aliyefia kambini alizikwa huko huko, na mara nyingi kaburi lake halikuandikwa kitu. Katika Mazimbu yote, hao ndio waliokaa bila kuacha jina hata moja.

Bei ya mkonge duniani ilianza kuporomoka baada ya mwaka 1964, nyuzi za nailoni na plastiki zilipochukua soko la kamba. Tanganyika ilikuwa imefikia uzalishaji wa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakijaonekana tena. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Mengine yaliendelea, mengine yakaachwa pori likapanda hadi mlangoni. Mazimbu lilikuwa miongoni mwa yaliyoachwa: kuta zimesimama, paa zimechoka, mwenye nyumba hayupo.

Wakati huo Morogoro ilikuwa tayari mji wa ANC. Chama hicho kilipigwa marufuku nchini kwao mwezi Aprili 1960, kikahamishia kazi zake nje, na Tanzania ikawa kimbilio kuu. Kilikuwa na makao Morogoro katika miaka ya 1960, na mkutano wake mkuu wa mashauriano wa mwaka 1969, kuanzia 25 Aprili hadi 1 Mei, unajulikana hadi leo kwa jina la mji huo. Lakini wapiganaji wazima wanaweza kulala kambini. Kilichobadilisha hesabu ni watoto. Maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, yaliyojibiwa kwa risasi, yaliwasukuma vijana wengi kuvuka mipaka, na wengi wao walikuwa bado na umri wa kukaa darasani.

Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikawapa ANC shamba lile lililoachwa. Jina la Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, hutajwa kila historia ya Mazimbu inapoandikwa, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha eneo hilo na kulisemea. Kundi la kwanza lilifikia katika nyumba za shamba zilizochakaa, likafyeka pori na kukarabati paa. Shule ikaanza mwaka 1978. Tarehe 6 Aprili 1979 Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyeondoka kwao baada ya Soweto akarudi kama mpiganaji, alinyongwa Pretoria akiwa na umri wa miaka 22. Shule ikapewa jina lake: Solomon Mahlangu Freedom College, kwa kifupi SOMAFCO.

Jambo hilo la majina halikuishia kwenye lango. Kituo cha watoto wadogo kiliitwa Charlotte Maxeke, mwanamke aliyepigania haki za wanawake Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Kiwanda cha samani kiliitwa Vuyisile Mini, kiongozi wa wafanyakazi aliyenyongwa mwaka 1964. Mluguru aliyepita hapo njiani angelielewa jambo hilo bila kufafanuliwa: marehemu hajazikwa mbali, jina lake limesimamishwa juu ya kitu kinachofanya kazi.

Na kazi ilikuwa nyingi. Mhandisi Oswald Dennis aliongoza ujenzi, na msanifu majengo Spencer Hodgson alichora sehemu kubwa ya mji huo mdogo. Wote walikuwa Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni. Fedha, vifaa na wataalamu vilitoka nchi za Skandinavia, Uholanzi, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Hospitali ya Mazimbu, kwa mfano, ilijengwa kwa msaada wa Waholanzi. Mafundi na vibarua wengi walikuwa Watanzania wa Morogoro. Palikuwa na mabweni, madarasa, maktaba, nyumba za walimu, shamba la mazao na mifugo. Oliver Tambo, rais wa ANC, alifungua shule rasmi mwezi Agosti 1985. Miaka mitatu kabla ya hapo chama kilikuwa kimeanza makazi ya pili Dakawa, kaskazini ya Morogoro kwenye barabara ya Dodoma, kwa sababu Mazimbu ilikuwa imejaa.

Waliojenga Mazimbu walijenga kwa zege na kwa nia ya kuondoka. Hilo si jambo la kawaida. Mkimbizi kwa kawaida hujenga kibanda, kwa kuwa kujenga nyumba ya kudumu ugenini huonekana kama kukubali kwamba kwao hakuna kurudi. Hapa iliamuliwa kinyume, kwa sababu mbili zinazoeleweka: watoto walihitaji paa linalodumu miaka yote ya shule, na majengo mazuri yalikuwa hoja mbele ya wafadhili na mbele ya utawala wa Pretoria kwamba Mwafrika anaweza kujisomesha vizuri kuliko ile elimu ya kibantu aliyokuwa akilazimishwa. Matokeo yake ni kwamba siku ya kuondoka ilipofika, kilichokuwa kinaachwa kilikuwa mji.

Siku hiyo ilikaribia ghafla. Tarehe 2 Februari 1990 marufuku dhidi ya ANC iliondolewa, na siku tisa baadaye Nelson Mandela akatoka gerezani. Wakimbizi walianza kufungasha. Swali la nyumba likawa la haraka, na njia zilizokuwapo kwenye karatasi zilikuwa chache. Kuuza hakukuwezekana. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Umilikaji wa ardhi usio na ukomo ulifutwa mwaka 1963, na kinachobaki mikononi mwa mtu ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Shamba lilitolewa bure kwa ajili ya wakimbizi, na mkimbizi akirudi kwao sababu ya kulishika imekwisha. Kuyabakiza majengo kama tawi la chama kilichokwisha kurudi nyumbani kungehitaji fedha ambazo chama hicho sasa kilizihitaji kwa uchaguzi. Kuyagawa kipande kipande, bweni hili kwa taasisi hii na nyumba ile kwa ofisi ile, kungewezekana, na historia ya mashamba yaliyotaifishwa inaonyesha jinsi mgawanyo wa namna hiyo unavyoishia: mlango mmoja una kufuli tatu na paa halina mwenye kuliziba.

Kilichoamuliwa ni kuikabidhi Mazimbu nzima kwa serikali ya Tanzania, nayo serikali ikaiweka chini ya mrithi mmoja. Tarehe 9 Julai 1992, Tambo, akiwa tayari amepooza upande kwa ugonjwa wa kiharusi uliompata mwaka 1989, alirudi Mazimbu kuikabidhi. Alifariki chini ya mwaka mmoja baadaye, Aprili 1993. Mazimbu ilikwenda SUA. Dakawa nayo ilibaki kwenye elimu, kwa shule ya sekondari na chuo cha ualimu.

Uchaguzi wa mrithi ulikuwa na mantiki ya wazi. SUA ilizaliwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1984 kutoka Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa Morogoro tangu mwaka 1969, na kampasi yake kuu iliyo chini ya mlima haikuwa mbali. Chuo kilihitaji madarasa na mabweni; Mazimbu ilikuwa na vyote viwili, na shamba juu yake. Lakini kuna jambo ambalo wenyeji wa Morogoro hulitaja kwa sauti ya chini zaidi. Chuo hicho kinabeba jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki tarehe 12 Aprili 1984 kwa ajali ya barabarani katika eneo la Dakawa, baada ya gari lake kugongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini wa ANC. Miaka minane baadaye, chuo kilichopewa jina la marehemu huyo ndicho kilichopewa nyumba za chama hicho. Katika ukoo wowote wa Kiluguru, au wa Kimaasai alikotoka Sokoine, hilo lingesomwa kama suluhu. Nyaraka za makabidhiano zilizungumzia elimu.

Mali isiyoorodheshwa katika makabidhiano ilikuwa watu. Kwa miaka 15 Waafrika Kusini na Watanzania walifanya kazi pamoja, wakaoana na kuzaa. Wakati wa kurudi, baadhi ya wanawake wa Kitanzania walisafiri na waume zao hadi Afrika Kusini. Wengine walibaki Morogoro na watoto, wakisubiri barua au nauli ambayo kwa wengi haikufika. Wapishi, walinzi, mafundi seremala na vibarua wa shamba walipoteza ajira, ingawa baadhi walipata nafasi kwa mwenye nyumba mpya. Hapo ndipo mirathi ya Mazimbu ilipokuwa na kasoro ile ile ya mirathi nyingi za nyumbani. Nyumba ilikabidhiwa vizuri, kwa hati na kwa sherehe. Waliokuwa wakiitegemea hawakuitwa kwenye kikao.

Nje ya uzio wa chuo, katika mitaa ya kata ya Mazimbu na jirani zake, swali lile lile huamuliwa kila mwaka kwa kiwango cha nyumba moja. Utaratibu wake hauna siri. Baada ya arobaini, au mapema zaidi pale madeni yanapobisha hodi, ukoo hukaa. Mmoja huandika muhtasari kwenye daftari, waliohudhuria hutia saini au dole gumba, na jina la msimamizi wa mirathi aliyependekezwa hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikimthibitisha, kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Kosa linalojirudia kuliko yote ni la msimamizi kujiona mrithi: anahamia chumba cha mbele, anakusanya kodi, na miaka inapita bila mgawanyo.

Ugumu unaanzia kwenye sheria yenyewe, kwa sababu Tanzania ina zaidi ya moja. Mahakama huangalia mwenendo wa maisha ya marehemu ili kujua mirathi yake ifuate mila, Uislamu, au sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo Waingereza waliileta na ambayo bado inatumika. Chukua nyumba ya vyumba vinane, ya aina inayopatikana kote Morogoro, vyumba vinne kila upande na ukumbi katikati. Marehemu ameacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa Uislamu mjane hupata sehemu moja ya nane, na kinachobaki hugawanywa mtoto wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Hesabu hiyo inaingia ndani ya nyumba kama iliyopimwa kwa ajili yake: chumba kimoja cha mama, viwili kwa kila mwana, kimoja kwa kila binti. Kwa sheria ya India mjane hupata theluthi moja na watoto watano hugawana theluthi mbili kwa usawa, na hapo vyumba vinane havigawanyiki bila kubomoa ukuta.

Kwa mila hali ni ya kutatiza zaidi. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Liliwapanga warithi kwa daraja tatu, mwana wa kwanza juu na mabinti chini. Makabila ya ukoo wa mama, Waluguru wakiwamo, hayakuandikiwa lao. Kwa hiyo Mluguru anayetaka kufuata mila mahakamani hutegemea wazee waje waieleze, na wazee wa pande mbili huja na maelezo mawili. Ikiwa ile nyumba ya vyumba vinane imejengwa kwenye uwanja wa ukoo wa mjane, hakuna la kugombea. Ikiwa marehemu aliijenga kwenye kiwanja alichonunua mjini, wapwa wanaweza kudai kwamba yeye alikuwa wao, na watoto wakajibu kwamba kiwanja hicho kilinunuliwa makusudi ili kiwe chao. Mara nyingi watoto ndio husema kweli.

Baada ya mgao kujulikana hubaki uamuzi wenyewe, na kwa kawaida unakuwa mmoja kati ya machache. Nyumba inaachwa kuwa ya ukoo, kila mtu ana haki ya kufikia humo akija mjini, na hakuna anayepaka rangi. Inapangishwa na kodi inagawanywa; karibu na chuo hili ni rahisi, kwa kuwa wanafunzi hutafuta vyumba kila muhula. Mmoja wa ndugu anawalipa wenzake sehemu zao na kubaki nayo. Au inauzwa, fedha zinagawanywa, na kila mmoja anakwenda kununua kiwanja mbali zaidi na mji, Kihonda au kwingineko, ambako ataanza msingi. Uamuzi wa mwisho ndio unaochukiwa zaidi na wazee na ndio unaomaliza ugomvi haraka zaidi. Uamuzi wa kwanza unapendwa na kila mtu kikaoni, na ndio unaoangusha nyumba nyingi zaidi, kwa njia ya paa linalovuja.

Ukiupima uamuzi wa mwaka 1992 kwa kipimo hicho, ulikuwa wa aina ya tatu: mrithi mmoja, mwenye matumizi ya kila siku, aliyebaki na nyumba nzima. Majengo hayakugeuka magofu. Kampasi hiyo sasa inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu, na wanafunzi wa Kitanzania waliozaliwa muda mrefu baada ya SOMAFCO kufungwa huandika jina hilo kwenye anwani zao na hulitamka kama jina la nyumbani. Hospitali bado inatibu. Mrithi alilichukua jina la marehemu, kama ilivyo Kinole.

Makaburi nayo yalibaki. Ndani ya eneo la Mazimbu kuna uwanja wa makaburi ya Waafrika Kusini waliofariki uhamishoni, watu wazima na watoto, wengine kwa maradhi ya kawaida wakiwa na miaka michache tu ya kuishi ugenini. Nyumba zilikabidhiwa, makaburi hayakabidhiki kwa namna ile ile, kwa hiyo ujumbe kutoka Afrika Kusini umeendelea kuja kuweka mashada, na chuo kimeendelea kuwa mwenyeji wao. Mwaka 2021 Afrika Kusini ilipitisha sera ya kuyarejesha nyumbani mabaki ya waliofia uhamishoni, na Septemba 2024 mabaki ya wapigania uhuru zaidi ya 40 kutoka Zambia na Zimbabwe yalipokelewa huko. Kwa walio Mazimbu, suala hilo lina kikao chake cha ukoo katika kila familia husika: wapo wanaotaka mfu wao alale karibu na wazazi wake, na wapo wanaoona kwamba miongo minne ya kulala na wenzake chini ya Uluguru imeshamfanya wa hapo.